Ni Kweli, Mheshimiwa

Wasee, hii stori nimekaa nayo tangu mwaka jana na sikutaka kuiandika. Si ati ni siri kubwa. Ni vile ndani yake mimi mwenyewe sitoki vizuri.

Usiku mmoja nilikuwa nimemaliza kushuti video ya msanii fulani huko tao, saa tano na kitu. Simu iko asilimia mbili, nauli imepanda, nikaamua kutembea hadi steji ya chini nione kama nitapata matatu ya mwisho. Gari likasimama kando yangu. Dakika tano baadaye niko ndani ya lori na wanawake kumi na mmoja, tripodi yangu iko chini ya kiatu cha afande. Nikamwambia, "Bosi, mimi ni kontenti krieta." Akacheka, akasema, "Hapa nyote ni makontenti krieta." Mzaha ulikuwa mzuri, nitampa hiyo.

Halafu nikasema kitu ambacho mpaka leo kinaniwasha. Nilisema, "Mimi si kama hawa." Nilikisema kwa sauti na wote kumi na mmoja wakasikia.

Asubuhi kortini tulisomewa mashtaka kama watu wanaoitwa kwa foleni ya unga. Kuzurura mahali pa umma kwa nia ya ukahaba. Kabla tuingie, mtu mmoja wa pale kwenye korido alikuwa ametupa ushauri wa bure: semeni ni kweli, mtalipa faini muende nyumbani, mkisema si kweli mtarudi hapa mpaka mchoke. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Ni kweli, mheshimiwa." Haikuchukua dakika. Sikuwa nimefanya kitu chochote, na nikasema ni kweli mbele ya bendera ya taifa.

Kumi kati yetu tulisema hivyo. Wawili walisema si kweli. Mmoja wao alikuwa siste wa miaka kama arobaini aliyekaa karibu na mimi seli, yule aliyenipa leso yake nijifunike baada ya kunisikia nikisema mimi si kama wao. Nilidhani amerukwa na akili. Kwani hataki kurudi nyumbani?

Nitarudi kwake. Kwanza niwaeleze hilo shtaka lilitoka wapi, maana nilipoanza kuuliza sikulala vizuri wiki nzima. Niliacha kampasi mwaka wa pili na watu hupenda kunikumbusha, lakini kusoma sikuacha.

Mwaka 1824, bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya uzururaji. Vita vya Napoleon vilikuwa vimeisha, wanajeshi wamerudi bila kazi, maskini wamejaa barabarani, na wenye mali wanataka barabara zao. Sheria ile iliorodhesha watu wa kuondolewa: ombaomba, wapiga ramli, wanaolala nje, na pia "kahaba" anayejibeba vibaya mahali pa umma. Angalia mpangilio wa maneno. Sheria haikusema mwanamke akifanya jambo hili ana kosa. Ilimwita kahaba kwanza, halafu ndio ikasema alichofanya. Yaani kabla kesi ianze, ulikuwa ushapewa jina.

Sasa fungua Kanuni ya Adhabu ya Kenya, sura ya 63, kifungu cha 182. Kanuni hii Waingereza walituwekea mwaka 1930, na tunayo hadi leo ikiwa na viraka vingi. Kifungu hicho kinaongea juu ya watu wazembe na wavunja utulivu, na wa kwanza kabisa kwenye orodha ni kahaba anayejibeba vibaya mahali pa umma. Ni sentensi ileile ya London. Waliibeba kwa meli, wakaishukisha hapa, ikapanda reli ikaja Nairobi. Uingereza yenyewe iliondoa msemo huo kwenye sheria yake ya makosa ya barabarani mwaka 2009. Sisi bado tunao.

Na kitu wengi hawajui: sheria ya nchi haisemi popote kwamba mtu mzima kuuza ngono ni kosa. Soma tena hiyo sentensi. Vifungu vya 153 na 154 vinashika anayeishi kwa mapato ya ukahaba wa mwingine na anayemtawala, 156 kinashika mwenye danguro, 182 kinashika tabia barabarani. Kinachojaza lori usiku zaidi ni sheria ndogo za miji. Nairobi ilitunga zile za usumbufu wa umma za 2007, zilizokataza kuzurura kwa ajili ya ukahaba. Na nia inaonekana vipi? Kwa macho ya askari. Kwa urefu wa kaptula yako. Kwa saa iliyoko kwa simu yake. Siku nyingi, kwa kondomu iliyopatikana kwa mkoba, hata kama serikali ndiyo iliyozigawa mchana.

Lakini hizi sheria hazikukuta mji mtupu. Hapa ndipo stori inanigusa kwa sababu mimi nimekulia Shauri Moyo.

Kuna mwanahistoria wa Marekani anaitwa Luise White. Miaka ya 1970 alikaa Pumwani akiongea na wanawake wazee, akaandika kitabu kilichotoka 1990, The Comforts of Home. Kabla yake, mwaka 1975, Janet Bujra alikuwa ameandika makala juu ya wanawake haohao, na akawaita wajasiriamali. Ukisoma hao wawili utaacha kuangalia Majengo na macho ya zamani.

Nairobi ya mwanzo ilikuwa mji wa wanaume. Wakoloni walitaka vibarua, hawakutaka familia zao. Mshahara ulipimwa wa mtu mmoja, nyumba ikapimwa ya kitanda, mke abaki kijijini kulima. Basi ni nani angempikia huyu kibarua, amfulie, ampe maji ya kuoga, amwulize siku ilikuwaje? Walikuwa wanawake waliokuja mjini kila mmoja na sababu yake: njaa na maradhi ya ng'ombe ya mwisho wa karne ya 19, ardhi iliyochukuliwa, ndoa zilizowashinda. White anaeleza namna tatu za kazi yao na zote zina majina ya Kiswahili. Watembezi walitafuta wateja barabarani. Malaya, ndio, hilo neno unalolitupa ovyo kwenye komenti, lilikuwa jina la mwanamke aliyekaa chumbani kwake kwa heshima, mwanamume akaja kwake, na alichouza kilikuwa pamoja na chai, chakula na maji moto. Na wazi-wazi, waliokuja hasa miaka ya 1930, wengi wao Wahaya kutoka Bukoba, walikaa mlangoni na kutaja bei bila haya.

Hela walifanyia nini? Walijenga. Wanawake ambao baba zao wasingewarithisha hata mgomba walinunua nyumba kwa majina yao Pangani na Pumwani, wakapangisha vyumba, wakawa malandilodi. Wengi walisilimu, na wengine waliacha nyumba kwa wanawake wenzao waliowachagua kuwa ndugu. Wahaya wengi walituma pesa nyumbani. Sisemi ilikuwa raha, White pia hasemi hivyo. Nasema huu mji ulijengwa na hela zao pia, na hakuna barabara hata moja ninayoijua inayowakumbuka.

Kisha serikali ikabomoa Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930. Kijiji chote. Wenye nyumba wakahamishiwa mtaa mpya, na huo mtaa ndio Shauri Moyo, ambako mimi nimecheza kati na bladda. Utotoni kila mtu alikuwa na maelezo yake juu ya jina la mtaa wetu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia mwanamke aliyesimama akiangalia nyumba yake ikiangushwa halafu akaambiwa achague: kuhama au kutohama, shauri ya moyo wako.

Jambo moja kwenye kitabu cha White limekaa nami kuliko mengine. Mwanamume akikataa kulipa, wazi-wazi alipiga kelele na majirani wakatoka. Malaya hakupiga kelele kwa sababu ya heshima. Aibu ya majirani kujua ilikuwa kubwa kuliko hela aliyodhulumiwa. Nilisoma hapo mara tatu. Miaka karibu 90 iliyopita, kwenye ploti za udongo, swali lilikuwa lilelile la leo: ukiumizwa, kuna mtu atatoka? Na je, unaweza kupiga kelele bila kujiaibisha? Msaada wa kisheria na ushauri nasaha, ukitoa hayo maneno marefu ya maofisini, ni majibu ya hayo maswali mawili. Ni jirani anayetoka, na ni kuondolewa aibu ya kumwita.

Baada ya uhuru, sheria zilibaki, askari wakabadilisha kofia. Sheria ya uzururaji, iliyoruhusu polisi kumshika maskini yeyote asiyeweza kujieleza, ilifutwa mwaka 1997 tu, miaka 34 ya uhuru imepita. Misako ya wanawake wa usiku ikaendelea kwa vifungu vingine.

Kisha katikati ya miaka ya 1980 wanasayansi wakafika Majengo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, walikuwa wanafuatilia magonjwa ya zinaa kwa wanawake wa pale, na walipopima virusi vya Ukimwi wakakuta karibu theluthi mbili wanavyo. Fikiria kuishi kwa ploti ambayo majirani wawili kati ya watatu wamepewa habari hiyo, wakati hakuna dawa. Lakini kulikuwa na wachache ambao mwaka ulipita, mwingine ukapita, na hawakuambukizwa. Miili yao ilikuwa na jambo. Utafiti ukachapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 1996, ukasomwa dunia nzima, na mwaka 2001 Nairobi ikaanza majaribio ya chanjo iliyotokana na kusoma damu yao. Chanjo yenyewe haikufaulu. Kabla ya hapo, mwaka 2000, kulikuwa na ugomvi mkubwa kati ya wanasayansi wa Nairobi na wa Oxford juu ya nani anamiliki hataza. Wanaume wenye digrii walibishana juu ya umiliki, na damu ni ya mwanamke wa Majengo anayeweza kushikwa jioni hiyohiyo akitoka kliniki.

Sitaki kukosea watu hapa. Ile kliniki iliokoa maisha ya wengi, na wanawake wenyewe walikuwa na viongozi wao na mabaraza yao, hawakuwa panya wa maabara. Ila ona mpaka hapo serikali na dunia zimewajua vipi: kama watu wa kuhamisha, kisha watu wa kupima. Mtu wa kutetewa bado hajatajwa.

Hiyo sehemu walianza wenyewe. Mwaka 1998 wanawake waliofanya kazi kwenye mabaa ya Nairobi walianzisha mpango wao wa kusaidiana na kujitetea, BHESP. FIDA, chama cha mawakili wanawake kilichokuwepo tangu 1985, kilitoa ripoti mwaka 2008 baada ya kukusanya shuhuda za wafanyakazi wa ngono katika miji ya Kenya. Mambo waliyosema si mageni kwa mtu aliyewahi kupanda lile lori: hongo, kupigwa, kulazimishwa ngono na walewale walioapa kulinda, na ukienda kuripoti unaulizwa wewe ulikuwa unafanya nini huko. Mwaka 2010 muungano wa wafanyakazi wa ngono, KESWA, ukaanzishwa. Neno "wafanyakazi wa ngono" najua linawakera wengine wenu. Ndilo wanalojiita, na mimi nimejifunza kwa njia ngumu kuhusu kupewa jina na wengine. Na tuelewane: mtoto chini ya miaka 18 si mfanyakazi wa ngono, huyo anadhulumiwa, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamhusu anayemfanyia. Hapa naongea juu ya watu wazima.

Mwaka huohuo wa 2010 tukapata katiba mpya. Tukiwa shule tulikariri kifungu cha 28 kuhusu utu, tukapata alama zetu, tukasahau. Hakuna aliyetufundisha cha 49 vile kinapaswa kufundishwa, yaani kama nambari ya dharura. Kinasema ukishikwa uelezwe sababu kwa lugha unayoelewa. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuongea na wakili au mtu mwingine atakayekusaidia. Ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Halafu kuna fungu dogo mwishoni, 49(2), ambalo ningeliandika kwenye kila matatu: mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Nilipolisoma nilikumbuka yule mshauri wa korido.

Sasa turudi kwa yule siste.

Nilimpata kwa sababu leso yake nilikuwa nayo, na kwenye pindo alikuwa amefunga karatasi yenye namba ya simu. Nilipompigia baada ya wiki mbili alicheka, akasema hiyo namba haikusahaulika, huwa anaiacha. Tulikutana kwa kibanda cha chai. Nikaomba msamaha kwa ile kauli yangu ya kwenye lori. Akasema, "Mdogo wangu, kila mtu husema hivyo mara ya kwanza. Hata mimi nilisema."

Yeye ni msaidizi wa kisheria. Bado anafanya ile kazi, hajawahi kunificha, na pia amefunzwa sheria kiasi cha kusimama na wenzake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua watu kama hawa, wasio mawakili lakini waliofunzwa na kuidhinishwa. Nilimwuliza kazi yenyewe ni nini na sikupata hotuba. Mtu akishikwa, wenzake wanampigia hata saa nane usiku. Anaenda stesheni, anauliza ameandikwa kwa OB au la, kwa sababu asiyeandikwa anaweza kupotea mikononi mwa mtu. Anaandika namba ya askari aliyeshika. Anauliza dhamana na anadai risiti, maana dhamana ya polisi yenyewe haina ada, na pesa yoyote ya dhamana ina risiti. Isiyo na risiti ina jina lingine. Anamwambia aliyeshikwa maneno mawili tu ya kubeba kortini: si kweli.

"Kwa nini hayo mawili?" nikauliza.

"Kwa sababu ukisema ni kweli, hakuna mtu atathibitisha kitu. Ukisema si kweli, sasa afande lazima aje aeleze mahakama aliona nini. Ulikuwa unazurura vipi? Ulimwambia nani bei? Yuko wapi huyo mteja?" Akakoroga chai. "Wengi hawaji."

Kesi yake na ya yule mwenzake iliitwa mara tatu, shahidi hakutokea, ikaondolewa. Mimi nilikuwa nimelipa faini na sasa nina rekodi ya kukubali kosa. Yeye, ambaye mngemhukumu kwa kumwangalia, hana.

Hapo ndipo nilielewa ule mtambo wote unaendeshwa na nini. Unaendeshwa na neno "ni kweli". Kumi kwa dakika kumi, faini kumi, lori lirudi tena jioni. Shtaka la 1824 halijadumu miaka 200 kwa sababu lina nguvu; wachache sana wamewahi kuulizwa walithibitishe. Mahali ambapo wanawake walipata watetezi, sentensi hizi zilianza kutetemeka. Malawi ina kanuni ya adhabu ya ukoo mmoja na yetu. Mwaka 2016, Mahakama Kuu kule Zomba ilifuta hukumu za wanawake waliokuwa wametiwa hatiani kwa "kuishi kwa mapato ya ukahaba", ikasema kifungu kile kiliwekwa kuwalinda dhidi ya wanaowanyonya, si kuwaadhibu wao. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinazoadhibu watu kwa hali yao zinapingana na Mkataba wa Afrika. Sisi kwetu mambo yamekwenda tofauti. Mwaka 2011 wanawake waliokwenda Mahakama Kuu Mombasa kupinga sheria ndogo ya manispaa kuhusu kuzurura walikataliwa ombi lao. Na maoni ya Arusha hayafungui seli ya Nairobi yenyewe. Lazima mtu ayabebe mpaka mbele ya hakimu, na huyo mtu anahitaji nauli, nakala za karatasi na roho ya kurudi mara ya nne.

Hiyo roho ndiyo sehemu ambayo mimi niliidharau. Nilidhani ushauri nasaha ni mambo ya watu wenye bima. Siste akanipeleka Jumatano moja mahali wanapokutana, chumba chenye viti vya plastiki na sufuria ya githeri. Watu walikuwa wanaongea. Mmoja alikuwa ameshambuliwa na mteja na hakuenda hospitali kwa sababu aliogopa kuulizwa. Wenzake walimpeleka usiku huohuo, kwa vile dawa za kuzuia maambukizi lazima zianzwe ndani ya saa 72. Waliongojea benchi walikuwa wenzake, si mtaalamu. Mtaalamu alikuja baadaye, na akafaa kwa sababu yule dada alikuwa tayari ameshikwa mkono. Mwingine hakuweza kurudi kortini kutoa ushahidi mpaka mtu akubali kukaa na mtoto wake. Mwingine alikuwa hajalala tangu mamake alipomwona kwenye habari za msako, uso wazi, kamera imemfuata mpaka kwa lori. Nyinyi mnaoshuti misako hiyo kwa ajili ya vyuzi, naomba mfikirie huyo mama. Na mimi niko hapo kwenye "nyinyi", nimewahi kueka posti ya aina hiyo, nimeifuta.

Nilichoona pale ni kwamba bila hicho chumba, hakuna kesi. Mtu mwenye aibu husema ni kweli. Mwanamke aliyeambiwa maisha yake yote kwamba yeye ni taka hawezi kusimama kizimbani akadai kifungu cha 49. Atataka tu iishe. Wakili mzuri sana hawezi kumsaidia mtu ambaye amejihukumu akiwa nyumbani. Mimi nilikuwa na elimu, na simu nzuri, na kosa sikuwa nalo, na bado aibu ilinisemea kortini. Kwa hivyo nikisikia mfadhili amekata bajeti ya ushauri akaacha ya mawakili, ama kinyume chake, najua huyo hajawahi kulala seli.

Mamangu ni mtu wa kanisa na atasoma hii. Mami, najua utaniambia dhambi ni dhambi. Sijakuomba ubadilishe dini. Lakini wewe ndiye ulinifundisha kwamba jirani akipiga kelele usiku, unatoka kwanza, halafu asubuhi ndio mnaulizana ilikuwaje.

Leso nilimrudishia siste, imefuliwa na kupigwa pasi. Karatasi ya namba nilibaki nayo. Ijumaa iliyopita alinipigia: kuna msichana wa miaka 19 ameshikwa, anasomewa Jumatatu, hana mtu wa kukaa nyuma yake kortini, na yeye siste ana kesi nyingine upande mwingine wa mji. Nikaenda. Nilikaa benchi ya tatu. Alipoulizwa aligeuka akaniangalia kwanza, halafu akasema si kweli, kwa sauti ndogo mpaka karani akamwambia arudie. Akarudia. Itatajwa tena mwezi ujao tarehe 14, saa tatu asubuhi, na nauli yangu nimeshaiweka kando.